Mlio wa Rupia

Nyanya yangu hakuwa mtu wa kutazama sarafu. Aliisikiliza. Mwisho wa mwezi, mpangaji alipoleta kodi ya chumba, nyanya alizipokea shilingi zake kwa shukrani, akaketi kwenye baraza na kuziangusha moja moja juu ya jiwe la kizingiti huku ameinamisha kichwa. Iliyolia ilifungwa kwenye pindo la leso. Iliyogota kama kokoto iliwekwa kando, ya mkaa na mafuta ya taa kesho yake. Zote zilikuwa shilingi halali na mpangaji hakudaiwa zaidi. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimeketi karibu na mguu wake, na nilidhani ni mchezo.

Hiyo ilikuwa Majengo, mtaa wa Pumwani, Nairobi, upande wa Digo, katikati ya miaka ya 1960. Nyumba yetu ilikuwa kama nyingine zote za mtaa ule: kuta za udongo na fito, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na paa la madebe yaliyopigwa yakanyooka. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke, na hilo Majengo halikuwa jambo la ajabu. Wanawake wengi wa zamani walijipatia viwanja Pumwani, wakajenga kwa jasho lao na kuishi kwa kodi ya vyumba. Benki haikuwa mahali pao. Akiba yao ilikuwa kwenye vikuku vya mikononi, kwenye kasha chini ya kitanda, na kwenye fundo la leso.

Majengo na shilingi ni marika. Pumwani ilipimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wakati huohuo ndipo wakoloni walipokuwa wakibadilisha fedha za nchi hii. Kabla ya hapo watu walitumia rupia ya India. Mishahara ya reli ililipwa kwa rupia, kodi ya kibanda ilihesabiwa kwa rupia. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na makao yake yalikuwa London. Mwaka 1920 ikaletwa florini, ambayo haikumaliza hata miaka miwili. Kisha ikaja shilingi, na watu wakaambiwa kwamba rupia moja ni shilingi mbili.

Hesabu ya maneno ilikuwa sawa. Hesabu ya mizani ilikuwa nyingine kabisa, na mimi niliifanya nikiwa mtu mzima, kwa mizani ya sonara, nikarudia mara tatu kwa kutoamini. Rupia ina uzito wa gramu 11.66, na karibu yote ni fedha tupu: sehemu 917 katika kila 1,000. Shilingi ya kwanza ina gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, na robo tatu zilizobaki ni madini ya bei rahisi. Kwa hiyo aliyepeleka rupia moja alitoa zaidi ya gramu kumi na nusu za fedha, akarudi nyumbani na shilingi mbili zenye fedha isiyofika gramu nne. Mwaka 1948 hata ile robo ikaondolewa. Simba alibaki palepale mbele ya milima yake, shilingi ikawa shaba na nikeli, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikigota kwenye kizingiti chetu.

Nyanya hakuwahi kusoma hata tangazo moja la Bodi ya Sarafu. Masikio yake yalimtosha.

Ndani ya kasha lake mlikuwa na mfuko wa bafta wenye rupia zisizofika sabini, alizorithi kwa mamake aliyekuja Nairobi kutoka Pwani siku za reli. Mama mtu hakuzibadilisha. Mlikuwa pia na pesa moja ya Unguja, ya Sayyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882, yenye picha ya mizani. Hiyo ilikuwa ya shaba, na nyanya aliitunza kwa mapenzi tu. Mlikuwa na riale moja ya Maria Theresa, ile kubwa ya mwaka 1780, mwaka ulioendelea kugongwa juu yake hata baada ya Maria Theresa mwenyewe kufariki, kwa kuwa watu wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na Unguja hawakutaka nyingine. Dada za riale hiyo walikuwa wameyeyushwa zamani na kufuliwa vikuku. Nyanya alivivaa viwili kila mkono, na alipokuwa akikanda unga wa mahamri, vililia.

Jambo ambalo bado linanichoma ni la mkesha wa Idd, nikiwa na miaka minane au tisa. Nyumba ilikuwa ikisafishwa, vyombo vikisuguliwa, na mimi nikataka kumfurahisha. Nikachukua rupia kadhaa kutoka kwenye mfuko. Zilikuwa nyeusi, weusi laini wa kijivu kama manyoya ya kunguru shingoni. Nikakata ndimu, nikachovya kwenye majivu, nikasugua. Nilisugua uso wa Malkia Victoria hadi shavu likang'aa kama kijiko kipya, nikasugua maua ya pembeni, nikasugua hata ukingo wenye meno. Nikampelekea tisa kwenye sahani. Nyanya akazitazama, akacheka kwa furaha, akaniombea dua. Kwake hazikuwa zimepungua kitu. Fedha ni fedha, ing'ae ising'ae.

Miaka thelathini baadaye nilimpelekea mnunuzi mmoja wa sarafu za kale rupia zilezile. Hakutumia mizani. Alizishika ukingoni kwa vidole viwili, akaziinamisha kwenye mwanga, akazirudisha mezani moja moja. "Hizi zimeoshwa," alisema. Bei aliyonipa ilikuwa ya chuma cha kuyeyusha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kati ya nyanya na mimi jambo kubwa lilikuwa limegeuka. Yeye alithamini uzito. Watu wa sarafu wanathamini uso: ule weusi unaokuja wenyewe kwa miaka, mistari ya nywele za mfalme isiyofutika, vumbi la uzee ambalo ukilitoa halirudi. Nawaomba wanaorithi visanduku vya wazee wao wasisugue chochote. Hata kwa kitambaa.

Baada ya uhuru sarafu zikageuka tena. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa mwaka 1966, na sarafu zikaja na uso wa Mzee Kenyatta. Senti tano na senti kumi za Kenya hazikuwa na tundu. Zile za zamani, ndururu za kutungwa kwenye uzi, polepole zikawa hazipiti madukani. Wengi walizibadilisha. Nyanya hakujisumbua, shaba si fedha, alisema, na akazitia zote kwenye kopo la mafuta ya kupikia likajaa hadi mdomoni. Mjomba wangu alilitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Kisha ukaja mwezi wa Januari 1980. Huko Marekani ndugu wawili matajiri wa Texas, wa ukoo wa Hunt, walikuwa wamekusanya fedha nyingi kupita kiasi, na bei yake ikapanda hadi kukaribia dola 50 kwa aunsi, ilhali mwaka mmoja nyuma ilikuwa kama dola sita. Majengo hatukuwajua akina Hunt. Tulichojua ni kwamba sonara mmoja wa Biashara Street, aliyekuwa amemjua nyanya tangu ujana wake, alituma salamu: mama, kama una fedha ya zamani, ilete wiki hii.

Tulikwenda kwa miguu, mimi nimebeba mfuko. Sonara alikuwa na mizani ndogo ya vitanga viwili, na mawe yake ya kupimia tola yalikuwa nini? Rupia. Tola moja ni uzito wa rupia moja, kwa hiyo aliweka rupia zake upande mmoja na za nyanya upande wa pili, na ule mkono wa mizani ukatulia katikati, umenyooka. Chache zilizochakaa zilipanda juu kidogo, naye akazitenga bila kusema neno. Nyanya aliziangusha moja moja kwenye kaunta ya kioo kabla ya kuzitoa mkononi. Zililia kwa muda mrefu, ule mlio mwembamba usiotaka kwisha, na wateja wengine wakageuka. Aliuza sitini. Zile tisa nilizosugua alikataa kuziuza. "Hizi ni za mjukuu wangu," alisema. "Kazifulia Idd." Mwezi Machi bei ikaporomoka.

Kwa rupia zile tuliezeka nyumba upya. Madebe yakashuka, mabati mapya yakapanda. Fundi alipoomba pesa ya washa za misumari, nyanya aliniambia nimletee lile kopo la mlangoni. Tundu la ndururu lilipokea msumari wa bati sawasawa, kana kwamba lilitobolewa kwa kazi hiyo. Alipigilia mchana kutwa.

Mimi mwenyewe nilianza kukusanya kwa dhati baada ya nyanya kufariki. Nilijifunza kusoma herufi ndogo zilizojificha kwenye sarafu za Afrika Mashariki: H ni ya kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria. Nilitafuta kwa lenzi rupia ya 1911, ambayo tembo aliyechorwa kwenye vazi la Mfalme George wa Tano alifanana na nguruwe, Waislamu wa India wakachukizwa, na serikali ikaiondoa haraka. Kwa mtoto wa Majengo kuipata hiyo ingekuwa jambo kubwa. Sijaipata. Nina shilingi tano ya 1973 ya pembe tisa, ya miaka kumi ya uhuru, na shilingi arobaini ya 2003 yenye uso wa Rais Kibaki. Kila baada ya muda huvuma uvumi kwamba hiyo arobaini inanunuliwa kwa mali ya ajabu, na vijana hunijia na mifuko wakiwa na matumaini. Huwaambia ukweli, ingawa unauma: ziligongwa nyingi, na nyingi zimehifadhiwa vizuri. Sarafu haipandi bei kwa sababu tumeipenda.

Mjukuu wangu hulipwa na kulipa kwa simu. Kobole na ashara anazijua kwa jina la mtaani zaidi kuliko kwa mkono. Zilipotoka sarafu mpya Desemba 2018, zisizo na uso wa mtu kwa kuwa Katiba ya 2010 imekataza, nilimpa zote nne: twiga, kifaru, simba na tembo. Alifurahi kumwona simba, nami nikamwonyesha yule simba wa 1921, tukaketi baraza tukawalinganisha.

Mwaka 2019 tuliibomoa nyumba ya nyanya ili tujenge ya mawe. Vijana walishusha mabati yaliyoliwa na kutu, wakayapanga ya kuuzwa kwa kilo Gikomba. Niliwaomba misumari tu. Waliniletea ndoo nzima, nami jioni nilikaa chini ya taa nikazichomoa ndururu moja moja, nyingine zimepinda, nyingine zimeshikana na lami. Kwenye moja, ya senti kumi, nilisoma mwaka 1936 na jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala bila kufika mwaka mmoja, akaacha ufalme kwa ajili ya mwanamke, na huko kwao hakuna sarafu yenye uso wake iliyotolewa rasmi kutumika madukani. Lakini sarafu za tundu hazina uso, zina jina tu, ndiyo maana zake zilifika kwetu, na zilifika kwa wingi. Hiyo yangu haina thamani kubwa sokoni.

Ukingo wake mmoja umebonyea pale nyundo ya fundi ilipokosea msumari, na kutu ya miaka karibu arobaini imechora duara la kahawia kuzunguka tundu. Nimeiweka kwenye mfuko wa bafta pamoja na zile rupia tisa. Ndimu sijaigusisha.