Aliyeketi Pembeni ya Picha

Mwezi wa Mfungo Mosi uandamapo, mialiko ya harusi humiminika majumbani, na sisi wanawake watatu ambao tumeifanya kamera kuwa kazi yetu katika kumbi za kina mama hapa Mombasa hatupati tena jioni ya kupumzika. Dada zetu wengi hutuuliza wanunue kamera gani. Nasi huwauliza kwanza watasimama wapi wakati wa kupiga, na aghalabu hudhani tunakwepa jibu. Mahali pa kusimama na lenzi ya kuchukua ni jambo moja, na tunataka kulieleza kwa kuitazama ile picha ambayo kila ukoo huitaka na ambayo huharibika kuliko zote, yaani picha ya watu wote kwa pamoja.

Picha hiyo huachwa hadi mwisho. Bibi harusi amekwisha kutolewa, biriani imeliwa, watoto wanalia usingizi, ndipo mtu apaze sauti kwamba njooni nyote. Wasichana hujazana katikati, mashoga wakamzunguka mwenzao. Nyanya mwenye mkongojo hufika baada ya wote, akapewa nafasi iliyobakia, nayo ni pembeni. Mpiga picha anaona safu haimwenei, basi huizungusha lenzi yake hadi upana wake wa mwisho, akabonyeza, watu wakatawanyika kutafuta viatu na mabuibui yao. Ukitazama kioo cha kamera wakati ule, wote wamo.

Namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi ndiyo inayotwambia lenzi hiyo inaona upana gani: kadiri namba inavyopungua, ndivyo upana unavyozidi. Kwa kamera kubwa, ile ambayo kihisi chake cha mwanga kina upana wa milimita 36 kama filamu za zamani, hesabu ni nyepesi. Safu ya watu yenye urefu wa mita 6 huenea katika lenzi ya milimita 24 ukiwa umesimama mita 4 tu mbele yao. Kwa lenzi ya milimita 35 utahitaji takriban mita 6, na kwa ya milimita 50 utarudi nyuma hadi mita 8 na kitu. Kamera za kihisi kidogo, ambazo huuzwa pamoja na lenzi ya 18 hadi 55 na ndizo zilizomo mikononi mwa wengi wetu, zina hesabu yao: milimita 35 humo huona karibu sawa na 50 ya kamera kubwa.

Lakini kichwa cha mwanadamu ni mviringo, na lenzi pana haiuachi mviringo huo kama ulivyo. Yule aliye katikati hutoka na uso wake. Aliye ukingoni kabisa, akipigwa kwa lenzi ya milimita 24, kichwa chake hutanuliwa kwa upana kiasi cha robo nzima. Shavu huvutwa kuelekea nje na bega hunenepa. Kwa milimita 35 mtanuko huo hushuka hadi karibu thumni, yaani moja katika nane. Kwa milimita 50 hubaki kama sita katika mia, kiasi ambacho jicho halikitambui. Kuna na la pili. Ukiwa mita 4 mbele ya safu tatu, na safu ya nyuma ikiwa mita moja na nusu zaidi, nyuso za nyuma hutoka ndogo kwa zaidi ya robo kuliko za mbele. Rudi hadi mita 8, tofauti hiyo hupungua karibu nusu. Umbali ndio unaowasawazisha watu. Lenzi kazi yake ni kukuruhusu ukae mbali au kukulazimisha usogee.

Miaka michache iliyopita ilitujia familia moja ambayo mama yao alikuwa amefariki wiki hiyo hiyo. Marehemu hakuwa mtu wa kupenda kamera. Katika miaka yake kumi ya mwisho walimpata katika picha moja tu, ya harusi ya mjukuu wake, iliyopigwa na mpiga picha wa ukumbini, nao walitaka tumtoe humo awe peke yake, wamweke katika fremu ndogo kwa ajili ya dada yao aliyeko Maskati ambaye hakuwahi kuja kuzika. Alikuwa mwisho wa safu ya pili, upande wa kushoto. Uso ulikuwa umetanuka, umefifia, na nusu ya kidevu imefunikwa na bega la mtu. Tulijaribu kuubana upana kwa kompyuta. Binti yake mkubwa alitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Huyu si mama, wanangu. Amefanana naye tu." Fremu ile haikutumwa Maskati.

Kwa hiyo sisi huanza na milimita 50. Pakiwa padogo hushuka hadi 35, na 24 huitoa mkobani pale tu ukuta unapotugusa mgongo. Hata hapo hatuwapangi watu hadi ukingoni. Tunaacha nafasi tupu kila upande, tukaikata baadaye. Wanaotumia simu wazingatie hivi: lenzi kuu ya simu nyingi za leo ni pana tayari, sawa na milimita 24 hadi 26, na ile inayoandikwa 0.5 ni pana mno, takriban 13. Hiyo ya 0.5 ni nzuri kwa kupiga dari za misikiti na majumba. Kwa watu wa ukoo wako, bonyeza 2x, kisha rudi nyuma hatua zinazohitajika.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu hazina pa kurudi. Kumbi za nyumba za mawe za Mji wa Kale na za Lamu ni ndefu na nyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo boriti hazivuki sana mita tatu. Anayewapanga watu kwa kufuata ukuta mrefu amejifunga mwenyewe, kwani ukuta wa pili umo mgongoni mwake. Katika ukumbi wa namna hiyo tunawapanga wachache kwa upana na wengi kwa kina, wa mbele mkekani, wa pili vitini, wa tatu wamesimama, wa nne juu ya benchi, nasi tunapiga kutoka mwisho wa pili wa chumba.

Lililo bora zaidi ni kutoka nje hadi kiwandani, uwanja ule wa ndani ya nyumba, na kupanda ngazi. Ukiwa juu na watu wako chini wakikuinulia nyuso, hakuna bega linalofunika kidevu cha mtu, na safu ya nyuma haiko mbali nawe sana kuliko ya mbele. Tumepiga wanawake sitini na watatu kwa njia hiyo, kwa lenzi ya milimita 35, na kila uso ukaonekana. Jua la adhuhuri letu husimama utosini na kuyatia macho vivuli vyeusi, kwa hiyo tunangoja baada ya Alasiri, kama saa kumi na nusu, au tunawaweka wote kivulini. Wote, si nusu yao.

Kuhusu kuipinda safu kama upinde, tuna neno. Wapiga picha wengi huwaambia walio pembeni wasogee mbele kidogo. Mwanzoni mwa karne iliyopita ziliundwa Marekani kamera zilizoitwa Cirkut, ambazo zilizunguka zenyewe juu ya stendi huku filamu ikipita ndani, na kwa kamera hizo upinde ulikuwa wa lazima, maana watu wote walitakiwa wawe umbali mmoja na kitovu cha mzunguko. Mtu akipiga panorama kwa simu, sheria ni hiyo hiyo. Lenzi ya kawaida haizunguki. Ukimsogeza mbele aliye pembeni, unamkuza mtu ambaye lenzi imekwisha kumtanua. Safu iwe nyoofu, na walio mwisho wageuze mabega kidogo kuelekea katikati. Huko mwisho tunawaweka vijana wembamba na warefu, ambao hata wakiongezewa upana hawadhuriki, nao huchekea jambo hilo.

Wazee hukaa vitini katikati, na hukalishwa kwanza, kabla ya wasichana kuitwa. Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko lenzi. "Niwacheni papa hapa, mwanangu, msijisumbue," ndivyo wanavyosema karibu wote. Nasi tumezoea kujibu, "Nyanya, bila wewe hatubonyezi," na kiti kikaletwa.

Mipangilio ya kamera haituchukui muda. Tundu la lenzi tunaliweka kati ya f/5.6 na f/8, kwa kuwa hapo pembe za picha hung'aa kuliko tundu likiwa wazi kabisa, na kina cha kuonekana wazi huwatosha walio mbele na walio nyuma. Kasi haipungui 1/125 ya sekunde, kwa sababu katika watu arubaini hakosekani anayemtuliza mtoto. Macho tunayolenga ni ya safu ya kati. Ukumbini ISO hupanda hadi 1600 au 3200, na chembechembe zinazoonekana kwa ajili hiyo ni bora kuliko uso uliotikisika. Flashi tunaielekeza juu ikiwa dari ni nyeupe. Chini ya boriti zilizopakwa rangi nyeusi haifai kitu, na ikipigwa moja kwa moja kutoka mita 4, safu iliyo mita moja na nusu nyuma ya ile ya mbele hupata karibu nusu tu ya mwanga wa wenzao.

Kosa ambalo vitabu vya kigeni havilitilii mkazo, na kwetu hutokea kila siku, ni la mavazi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba ulimwengu wote una weusi wa wastani. Ukiwaelekezea wanawake hamsini waliovaa mabuibui, kamera huona giza, ikaongeza mwanga, na nyuso zikapauka hadi pua zisionekane. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe baada ya swala ya Idi hupatwa na kinyume chake: kamera hupunguza mwanga na nyuso zikasawijika. Kwa mabuibui tunapunguza kwa nusu hadi kipimo kizima. Kwa kanzu tunaongeza kiasi hicho hicho. Kwenye simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha teremsha au pandisha alama ya jua inayojitokeza.

Halafu kuna kope. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kukokotoa ni picha ngapi zipigwe ili ipatikane moja ambayo hakuna aliyefumba macho. Kwa watu wasiofika 20, gawanya idadi yao kwa tatu kukiwa na mwanga mzuri, au kwa mbili kukiwa na mwanga hafifu. Kina mama 18 ukumbini, basi, ni picha tisa. Wakifika hamsini, matumaini ni madogo hata uwe nje mchana, na hapo sisi hufunga kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kupiga ishirini mfululizo bila kuisogeza, ili jicho lililofumba katika moja liweze kuazimwa kutoka nyingine.

Baada ya picha ya wote, hatuwaruhusu kutawanyika. Kamera ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa upana. Safu ya mita 6 ikiijaza, uso wa mtu mmoja hupata nukta kama 150, ambazo zikichapishwa vizuri hazizidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo sehemu ya pili ya yaliyoifika familia ile. Kwa hiyo tunawagawa: nyanya na binti zake, kina shangazi, mawifi, wajukuu, wanane wanane, kila kundi kwa dakika mbili. Mwisho tunamwomba kila mzee abaki kitini mwake kwa picha moja ya peke yake. Akikataa, tunamwacha, kwani uso ni wake.

Katika kumbi za kina mama ambamo mitandio imevuliwa, tunaomba simu ziwekwe chini wakati huo na kamera iwe moja. Kadi ya kumbukumbu hukabidhiwa mama wa bibi harusi usiku ule ule, na yeye ndiye ajuaye nani apewe nini. Wanaotaka nakala kwa WhatsApp watumiwe kama faili, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa, na zile nukta 150 za uso zikawa chache zaidi. Picha ya ukoo tunaichapisha kwenye karatasi, angalau nakala tatu katika nyumba tatu. Nyuma yake tunaandika majina kwa penseli laini, kuanzia kushoto, safu kwa safu, pamoja na mwezi na mwaka. Kalamu ya wino hupenya ikatokea usoni mwa mtu.