Bendera Inashuka Polepole

Toka Soni mpaka Mombo ni kona tupu, na watoto wengi wa Usambara huishuka barabara hiyo wamefumba macho, mfuko wa plastiki mkononi. Siku ile sikufumba. Nilikuwa darasa la sita, skauti mwenye skafu mpya, nami nilikuwa nimechaguliwa kuingia katika kundi la bendera kwenye sherehe za Uhuru za mkoa, Desemba 9, mjini Tanga. Nilikuwa sijawahi kuvuka Mombo. Mabegi yetu yote yalipanda kwenye keria ya basi pamoja na magunia ya viazi. Bendera peke yake ndiyo iliyosafiri mapajani mwa mwalimu mlezi, ndani ya mfuko wa kaki alioushona mkewe. Kondakta alipotaka kuupokea auweke juu na mizigo mingine, mwalimu alimjibu kwamba huo si mzigo.

Korogwe joto likaanza. Muheza tukanunuliwa machungwa, maji yakatutiririka mpaka viwikoni. Tulipopita Pongwe mwenzetu mmoja alipiga kelele kuwa ameona bahari. Kumbe ni shamba la mkonge linalometa kwa mbali. Bahari yenyewe tuliiona baadaye, na sitaisimulia. Kila mtu wa bara ana kisa chake cha kuonja maji ya chumvi, na vyote vinafanana.

Tulipofika Tanga, wenzangu walilala darasani juu ya mikeka. Mimi nilichukuliwa na mjomba, mstaafu wa reli aliyeishi Chumbageni tangu ujana wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hawajambo huko milimani? Kwa hiyo wewe ndiye mbeba bendera?"

Nikamwambia kwamba mbeba bendera ni mwingine. Mimi ni mlinzi wa kushoto.

"Basi una kazi kubwa kuliko yake," akasema, wala hakufafanua.

Jioni hiyo tulitoka kwenda kununua samaki. Tulipokaribia kituo cha polisi cha Chumbageni ikapulizwa filimbi. Mjomba alinikamata mkono nikabaki hatua moja mbele yake. Waendesha baiskeli, na Tanga ina baiskeli kweli kweli, wakashuka na kusimama wameshikilia usukani. Muuza madafu alikuwa ameinua panga. Akaliteremsha taratibu, akanyooka, dafu likabaki mkononi halijapasuliwa. Mama mmoja alimziba mtoto wake mdomo kwa kiganja. Uani mwa kituo askari wawili walisimama chini ya mlingoti. Mmoja alikuwa akiachia kamba kidogo kidogo, mkono mmoja ukipokezana na mwingine, na bendera ikateremka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kufika. Mwenzake aliipokea kifuani kabla ncha yake haijakaribia ardhi. Filimbi ikalia tena. Panga likashuka juu ya dafu, kengele za baiskeli zikaanza, na mjomba akaendelea na habari za bei ya changu pale pale alipozikatia.

Mimi nilikuwa nimepigwa na butwaa. Kijijini bendera niliijua kwa asubuhi tu: mstarini, ngoma za bendi, wimbo wa taifa, mwalimu wa zamu na fimbo yake. Ilishukaje? Sikuwa nimewahi kujiuliza. Sisi tulikuwa tumeshakwenda nyumbani.

Mazoezi yalianza kesho yake alfajiri. Ukitazama gwaride ukiwa jukwaani unaona vijana wanatembea; ukiwa ndani yake unaona vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikiwa tayari kukuaibisha. Kwanza, bendera ina kichwa. Pindo la upande wa mlingoti lina kijiti kilichoshonewa juu na kitanzi cha kamba chini, ili mfungaji asikosee hata gizani. Lakini kijiti huweza kukatika, na hapo mwalimu alitupa alama nyingine ambayo mpaka leo naitumia: bendera ya Tanzania ina mstari mweusi wenye kingo za dhahabu, na mstari huo siku zote unapanda kadiri unavyotoka mlingotini. Kijani kiko juu, kimeegemea mlingoti. Buluu iko chini, upande wa kupepea. Itazame mbele, itazame nyuma, ni vile vile. Ukiona mstari unateremka toka mlingotini, ujue imefungwa kichwa chini. Rangi nne zilezile zimekaa hivyo tangu mwaka 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana na bendera zao mbili kuingizwa katika moja, na bado kuna watu wazima wanaoipindua.

Pili, kugeuka. Tulitembea watatu watatu, mbeba bendera katikati. Kundi likikunja kona kuelekea kushoto, mlinzi wa kushoto anapiga hatua papo hapo kama anayekanyaga udongo, wa kulia anapanua hatua ili amzunguke, na wa katikati anapima kati ya hao wawili. Mlinzi wa ndani akisogea hata kidogo, mstari wote unapinda mithili ya ndizi. Ndipo nilipoanza kumwelewa mjomba. Mlinzi hana cha kuonyesha, hapungi chochote, na hakuna anayemtazama mpaka aharibu.

Tatu, ni upepo. Milimani kwetu bendera inaning'inia. Tanga mwezi wa Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma toka baharini, na mbeba bendera wetu, kijana mnene wa Bumbuli, alikokotwa nayo mara ya kwanza ilipofunguka. Mwalimu akamwonyesha: unapotembea, kamata ncha ya kitambaa pamoja na mti kwa mkono wa kulia, kwapa limebana, unapofika mbele ya mgeni rasmi ndipo unaiachia ipepee. Kuiachia ndiyo heshima yenyewe. Bendera ya skauti iliyokuwa ikitembea nasi iliinamishwa mbele ya jukwaa, lakini ya taifa haikuinama. Hiyo ya taifa ilikaa kulia, yaani kulia kwa wanaotembea, si kulia kwa mgeni rasmi; jambo hilo lilichukua asubuhi nzima kuingia vichwani mwetu.

Usiku, baada ya wali wa nazi, mjomba alinieleza barazani kwa nini mtu wa pwani ya Mrima hafanyi mzaha na bendera. Tarehe nimezisoma baadaye, kisa ni chake. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani hii na ushuru wake, kwa sharti kwamba wafanye kazi kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake nyekundu. Agosti wakala wa kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani, kusini kidogo ya Tanga, akataka bendera ya kampuni nayo ipandishwe. Liwali, mwakilishi wa Sultani, alikataa. Zelewski akaleta askari wa majini kutoka manowari ya Carola, na bendera ya Sultani iliyokuwa nyumbani kwa liwali ikaondolewa kwa nguvu. Mwezi uliofuata watu wa Pangani walimzingira, ikabidi askari wa Sultani wakamwokoe. Vikawa vita vya Abushiri, vilivyoenea pwani nzima, na Abushiri mwenyewe, aliyeviongoza, alinyongwa pale pale Pangani Desemba 15, 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi.

"Na hapa Tanga je?" nikauliza.

Mjomba akacheka. Novemba 2, 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox ilitia nanga, nahodha wake akaupa mji saa moja: usalimu amri na uteremshe bendera ya Mjerumani. Saa ikapita, bendera haikushuka, na waliotua kuiteremsha walipigwa mpaka wakarudi melini tarehe 5. Waingereza waliingia Tanga mwaka 1916.

"Zelewski alijua kupandisha," mjomba akasema. "Kamba alikuwa nayo, mlingoti alikuwa nao, manowari pia. Hakuwa na mtu wa kusimama barabarani. Wewe leo umemwona muuza madafu. Nani alimlazimisha?"

Sherehe yenyewe nina machache ya kusema. Uwanja wa Mkwakwani ulijaa, jua lilikuwa kali, tulizunguka bila mstari kupinda, na kijana wa Bumbuli aliiachia bendera pale alipotakiwa kuiachia. Hotuba zilikuwa ndefu.

Lililonifaa maishani ni lile la jioni pale kituoni Chumbageni. Oktoba 14, 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London, nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, na taifa lilitangaziwa siku 30 za maombolezo. Kila asubuhi ya siku hizo wanafunzi waliona bendera ikipanda mpaka kileleni, ikitua kidogo, kisha ikiteremshwa hadi nusu mlingoti. Na kila jioni ikipandishwa tena hadi juu kabla ya kushushwa yote. Wadogo walidhani kamba imekwama. Niliwaeleza kwamba hata katika msiba bendera haikatishiwi njia: lazima ifike kileleni kwanza, asubuhi na jioni. Wakasimama, na waliokuwa wakipita njia ya shuleni wakasimama nao.

Siku hizi napita kwenye ofisi na shule nyingi saa mbili usiku nakuta bendera ingali juu, imelowa, pindo limechanika nyuzi nyuzi, kijani kimepauka mpaka kinafanana na buluu. Si kwamba watu hawaipendi. Asubuhi ina bendi, ina viranja, ina mkuu wa shule. Jioni imeachiwa mlinzi mmoja mwenye geti la kufunga, na kuishusha ipasavyo kunataka watu wawili: wa kamba na wa kupokea. Walimu wenzangu, mnapopanga zamu za wiki, andikeni na majina mawili ya saa kumi na mbili jioni. Wafundisheni kuikunja kutoka upande wa kupepea kuelekea mlingotini, ili kijiti kibaki nje na mfungaji wa kesho akikute. Na mpeni filimbi mmoja wao, wapita njia wapate kusikia.