MSHKAJI ALISOMA MESEJI YANGU NA BADO AKARUDI

Wadau, mwaka jana mimi na mshkaji wangu tuliondoka kwetu Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, na baiskeli za gia. Safari ya Mwanza, zaidi ya kilomita 100. Tulipopita Mabuki tyubu yangu ikapasuka, haizibiki. Jamaa akasema "nisubiri", akakanyaga kuelekea Misungwi.

Masaa matatu, jua kali, maji yameisha. Nikamtumia meseji: "Kumbe we msaliti. Urafiki basi." Kimya.

Mara namwona huyo, tyubu mpya shingoni, chupa ya maji mkononi. Tukafunga tairi bila kuongea. Tulipofika Usagara ndo akasema: "Meseji niliisoma nikiwa kwa fundi."

Dah! Nilikosa cha kusema. Ungekuwa wewe, ungerudi?