Mita ya Kupimia Nuru: Tununue Ipi?

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, nao hawakukosea kwa upande wa shamba. Jembe lolote lenye makali litafukua ardhi. Lakini ndani ya studio ya picha methali hiyo ina kikomo. Huko, mtu akishika kifaa kisichofaa, atafanya kazi kutwa kucha na bado sura za watu zitaharibika.

Nasema haya, msomaji mpenzi, kwa sababu chama chetu kimeamua kuwapiga picha wenyewe wanafunzi wanaomaliza shule. Taa mbili za flashi tunazo na kamera tunayo. Kilichobaki ni kipimamwanga cha mkononi, ambacho wapiga picha hukiita mita tu. Fedha zilizo kwenye mfuko wa chama zinatosha mita moja, basi. Wanachama wamegawanyika makundi mawili: kuna wanaotaka mita ya kupima mwanga unaomwangukia mtu, na kuna wanaotaka ile ya kulenga doa, yenye dirisha la kuchungulia kama darubini. Likizo mbili nimefanya kazi katika studio ya mjomba wangu mjini Nakuru, nikibeba stendi na kushika mita zote mbili. Kwa hivyo nina la kusema.

Kwanza tuelewane jinsi vitu hivi vinavyofanya kazi. Mita iliyo ndani ya kamera, pamoja na ile ya kulenga doa, hupima mwanga uliokwisha kumgonga mtu ukarudi. Haijui inatazama nini. Imetengenezwa kwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani; kadi ya kijivu wanayotumia wapiga picha hurudisha asilimia 18 ya mwanga. Ukiielekeza kwenye shati jeupe, itakushauri upunguze mwanga mpaka shati liwe kijivu. Ukiielekeza kwenye joho jeusi, itakushauri uongeze mpaka joho nalo liwe kijivu. Sasa fikiria mwanafunzi mweusi tititi aliyevaa shati jeupe la shule. Kamera inalisikiliza shati, na uso wa mwenyewe unazama gizani.

Kuna atakayesema, "Kwani ni picha tu, bwana!" La hasha. Kwetu watu wengi huingia studio mara chache mno maishani, na picha hiyo ndiyo itakayowekwa juu ya meza siku ya mazishi. Bibi yangu alipofariki mwaka 2019, picha yake nzuri ilikuwa moja tu, nayo ilipigwa katika studio fulani ambayo sitaitaja. Kitambaa chake cha kichwani kiling'aa kama theluji ya Mlima Kenya. Uso ulikuwa kiza kitupu. Wajukuu wadogo waliosimama mbele ya jeneza waliuliza, "Huyu ni nani?" Mama alijibu kwa machozi.

Tatizo hili halikuanza jana, wala si la mita peke yake. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha binadamu wote. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba filamu ziliporekebishwa, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa fanicha na chokoleti waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Kadi yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Fikiria hapo: malalamiko ya kabati na peremende yalisikilizwa kabla ya ya uso wa mtu!

Turudi kwenye mita. Ile ya mwanga unaoanguka ina kikuba cheupe mfano wa nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Unakiweka karibu na kidevu cha anayepigwa picha, unakielekeza kwenye kamera, unafyatua flashi, na mita inakwambia kwa mfano f/8. Imepima nuru yenyewe kabla haijagusa ngozi wala nguo. Shati liwe jeupe, joho liwe jeusi, jibu ni lilo hilo.

Agosti iliyopita nilijaribu kwa macho yangu. Niliwaketisha marafiki wawili kwenye kigoda kimoja, chini ya taa moja, mmoja baada ya mwingine. Mmoja ni mweusi sana, mwenzake ana ualbino. Mita ya kulenga ilisoma f/5.6 kwenye shavu la kwanza na f/11 kwenye shavu la pili. Taa haikuguswa! Mita ya kikuba ilisema f/8 kwa wote wawili. Tulipowapiga kwa f/8, kila mmoja alitoka kama alivyo, na walipoketi pamoja hakuna aliyeonewa.

Nilimuuliza mjomba, "Sasa Mjomba, si ile ya kulenga ndiyo ya wataalamu?"

Akacheka. "Wataalamu wa kazi gani, mpwa wangu? Hiyo inakupa namba, halafu inakuachia wewe kazi ya kufikiri."

Alikuwa na maana yake. Mita ya kulenga hupima eneo dogo la digrii 1 tu, kwa hivyo unaweza kupima shavu peke yake ukiwa mbali. Lakini lazima uamue shavu hilo liwe na mwangaza gani katika picha. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer walibuni utaratibu wa kuamua hivyo mnamo mwaka 1940 hivi, wakagawanya mwangaza katika ngazi, ya tano ikiwa ni kijivu cha wastani. Ngozi ya Mzungu waliiweka ngazi ya sita. Nyeusi huwekwa ya tano au ya nne. Huo ni ujuzi mzuri, na pale usipoweza kumfikia mtu, kama vile jukwaani wakati wa tamasha la drama, hakuna mita bora kuliko hiyo. Studioni, hata hivyo, mtu yuko hatua mbili kutoka kwako. Nyosha mkono upime!

Wapo wanaouliza mita ya nini siku hizi, ilhali kamera ya dijitali inaonyesha picha papo hapo. Kioo cha kamera hudanganya: chumbani chenye giza picha huonekana angavu kuliko ilivyo, na juani huonekana hafifu. Programu za simu nazo hupima mwanga wa kawaida, lakini flashi huwaka na kuzima kabla simu haijajua kitu. Isitoshe, mita hukuwezesha kupima kila taa peke yake. Taa kubwa ikisoma f/8 na ndogo f/5.6, unajua kubwa ina nguvu maradufu, na kesho unaweza kupanga vivyo hivyo kwa wanafunzi wengine.

Kwa hivyo shauri langu ni hili. Tununue mita ya kikuba inayopima flashi. Sekonic L-308X, kwa mfano, hutumia betri moja ndogo ya AA na kuingia mfukoni. Sekonic L-858D hupima kwa njia zote mbili, lakini bei yake ni ya juu, hatuiwezi. Mita za zamani za seleniamu hazihitaji betri na bei yake huvutia, ila hazipimi flashi, na nyingi zimechoka kwa umri. Rahisi huvunja upishi. Tukipata iliyotumika, tuilinganishe kwanza na mita nyingine tunayoiamini, na tuifyatulie flashi kabla ya kutoa hata shilingi.

Hapa nakunja jamvi. Wanaotaka ile ya kulenga si wajinga, na siku mfuko ukinenepa nitainua mkono wa kwanza kuiunga. Lakini mwaka huu tuna sura za wenzetu mikononi mwetu. Tuchague mita inayopima nuru bila kumwuliza mtu ngozi yake ni ya rangi gani.