Mafuta ya Nguruwe

Msomaji wangu, huenda dini yako imekukataza nyama ya nguruwe. Kusoma si kula. Nifuate hata mwisho, kwani mnyama huyu ana siri ya maumbile ipasayo kujulikana.

Ng'ombe alapo majani, vijidudu vya tumbo lake kubwa huyageuza mafuta yake kabla hayajaingia mwilini. Nguruwe hana tumbo la namna hiyo. Mafuta ayalayo huwekwa mwilini mwake karibu kama yalivyo. Alaye mahindi mengi huwa na mafuta laini kuliko alaye shayiri, na alaye dagaa kwa wingi nyama yake hunuka samaki.

Jirani yangu mmoja, mjane asomeshaye watoto wawili kwa nguruwe, aliambiwa na mnunuzi kwamba mifugo yake ni ya mbegu mbaya: mafuta yateleza, tena yana shombo. Akaazimia kumwuza jike mzazi, ambaye ndiye karo ya mwaka ujao. Nilimwuliza aliwalisha nini. Alijibu kuwa ni mabaki ya omena, tangu walipoachishwa kunyonya hata siku ya kuchinjwa. Nilimsihi awaondolee omena wiki nyingi kabla ya kuchinja, jike abaki.

Sisemi kwamba nasaba si kitu. Hispania kuna nguruwe weusi waitwao Ibérico, ambao kwa asili huweka mafuta ndani ya mnofu wenyewe kuliko Landrace, aliyechaguliwa kwa wembamba. Majira ya vuli na baridi huachiwa katika misitu ya mialoni, wakila matunda yake na nyasi. Matunda hayo yana asidi ya oleiki kwa wingi, ile ile ya mafuta ya zeituni. Kwa hiyo mafuta ya paja lao huanza kuyeyuka mkononi. Sheria ya Hispania ya mwaka 2014 hutoa lakiri nyeusi kwa paja la Ibérico wa baba na mama, aliyenenepeshwa kwa matunda hayo. Ndugu yake wa tumbo moja, akifungiwa bandani kwa nafaka, haipati.

Hata baridi ina neno lake. Mwaka 1901, huko Denmark, Henriques na Hansen waliwaweka nguruwe katika baridi ya nyuzi 0, mmoja wao akiwa amevikwa ngozi ya kondoo. Yule asiye na vazi ndiye aliyepata mafuta laini zaidi chini ya ngozi, yasiyoganda upesi.

Mjane amekubali kungoja. Mnunuzi atarudi mwezi wa Agosti.