Kijana Awaongoze Wenzake?

Huko Marekani kuna chama kiitwacho FIRST, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Bwana Dean Kamen. Watoto wa shule huunda roboti, kisha hushindana. Kijana wa miaka 16 aweza kuwafundisha wadogo. Lakini wenye dhamana ya kikundi ni watu wazima, tena wawili, ambao mwenendo wao umechunguzwa kwanza.

Wengine hunung'unika: kijana aijua mashine kuliko wazee hao, mbona asipewe kikundi chake? Mimi naona sheria hiyo ni ya haki. Nyumbani kwangu binti yangu mkubwa huwafundisha wadogo zake hesabu, nao humwelewa upesi kuliko wanielewavyo mimi. Hata hivyo, mmoja akijikata kidole, au mgeni akija na maneno ya hila, mzigo huo si wake, ni wangu.

Kwa hiyo kijana asidhani amedharauliwa. Sheria yamkinga yeye pia, asije akalaumiwe kwa jambo lililouzidi umri wake. Basi tuwaache vijana wafundishe, nasi tukae karibu.