Mwamba si Silaha

Kila Desemba wajukuu zangu huja kupumzika kwangu Ngokolo, mjini Shinyanga. Mwaka jana mkubwa wao alikuja na mchezo nisioujua. Hauna ubao wala kete kama drafti. Kila mchezaji hujichagulia mtu wa kuwa, askari au mchawi. Mwamuzi husimulia safari yao, na dadu zenye pande nyingi huamua nani kapiga na nani kakosa. Alinieleza kwamba ulitungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa mwaka 1974.

Jioni moja walikutana na mtu ageukaye mbwa mwitu. Kiumbe huyo hasikii silaha ya kawaida. Humdhuru silaha ya madini ya fedha, au ya uchawi. Mdogo wao akauliza, je, akiumwa na jitu lisilo na silaha? Mkubwa akajibu kwamba jambo hilo lilikwisha kuamuliwa katika kitabu cha mwamuzi cha mwaka 1979: kiumbe mwenye nguvu ya kutosha aweza kumdhuru hata kwa meno yake matupu.

"Na akiangukiwa na mwamba?"

Hapo pakazuka ugomvi. Mmoja alisema mwamba si silaha, kwa hiyo kinga haihusiki na kiumbe atakufa. Mwingine akasema kama panga la chuma halimwezi, jiwe litamwezaje? Mimi niliweka kikombe changu chini, nikatoka nje.

Ndugu msomaji, mwaka 1994 kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Geita. Alinijia akitaka fedha. Duara lao lilikuwa limefika chini sana, mvua zilikuwa zimeanza, na matimba ya kushikilia kuta yalikuwa yameoza. Matimba mapya yalikuwa ghali. Lakini palikuwa na mganga aliyechanja wachimbaji kwa bei nafuu, na aliyechanjwa, alisema kaka, shimo halimwezi. Nilikuwa na fedha za moja tu kati ya hayo mawili. Nilimpa za mganga, na nakiri kwamba niliona nimepona gharama.

Kifusi kilimfunika wiki ya tatu. Baada ya mazishi nilimfuata yule mganga. Hakubabaika. Aliniuliza kama marehemu alikula samaki siku ile. Nilisema sijui. Akasema, basi ndiyo sababu. Mwiko huo kaka hakuwa ameambiwa, wala mimi. Ulizaliwa pale pale, nikiwa nimesimama mlangoni pake.

Historia yetu inalijua jambo hili. Katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, watu waliambiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Walipoanguka, wengine walielezwa kwamba walioanguka walivunja miiko. Siwacheki watu hao. Walikuwa na sababu nzito ya kupigana na silaha chache za kupigania. Lakini kinga ambayo kila kifo huiongezea sharti jipya haiwezi kamwe kuonekana imeshindwa. Anayeonekana ameshindwa ni maiti.

Bibi yetu alikuwa akitusimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, ndiye aliyeliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka. Tulimbana bibi: kama zimwi lilishinda wanaume wote, mkuki wa mtoto ulipitaje? Bibi alisema hajui habari za mkuki, ila anajua kwamba Masala, kila alipoua mnyama, alimwuliza mama yake kwanza: je, huyu ndiye? Wakati huo niliona amekwepa swali. Sasa naona kwamba mimi ndiye niliyekwepa, kwa kuwa sikumwuliza kaka hata neno moja: dawa hiyo inakinga nini, na haikingi nini?

Niliporudi ndani, wajukuu walikuwa bado wanabishana, na dadu zimelala mezani.

"Babu, wewe amua," mdogo alisema.

Niliwaambia mwamba unaua. Mkubwa akalalamika kwamba sheria hiyo haimo kitabuni. Nikamwambia aiandike basi, katika daftari lake, kabla dadu haijarushwa tena, na amsomee kila mmoja, hata atakayecheza upande wa yule kiumbe. Aliandika huku amenuna. Kisha akanitazama, akauliza kwa nini mkono wangu unatetemeka.

Nilimwambia akae, nimsimulie habari za babu yake mkubwa, ambaye alikuwa hajapata kusikia alikufaje.